Ng'ombe wa Mwisho Kuogeshwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika mbele ya watu wazima, na walinicheka mpaka jioni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe wakati huo ilikuwa na harufu inayokufuata hadi kwenye sahani ya ugali. Uhuru ulikuwa haujafika. Mimi nilikuwa kijana kutoka Migwani, nimeshuka lori upande wa Makueni, kando ya barabara ya Mombasa, nikaandikwa kazi katika ranchi ya mzungu kama kibarua wa josho.

Ninyi mnaonyunyizia ng'ombe wawili kwa pampu ya mgongoni hamjui josho lilikuwa kitu gani. Ni mtaro mrefu wa saruji, wenye kina cha kumzamisha mtu, uliojaa maji na dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anasukumwa kwenye kichochoro cha mbao, anaruka ndani, anazama kichwa na masikio, anaogelea, kisha anapanda ngazi upande wa pili. Pale anasimama kwenye sakafu ya mteremko ili dawa imchuruzike irudi mtaroni. Mtu mmoja husimama ukingoni na fimbo yenye panda, kumzamisha yule anayeinua kichwa. Mtu huyo nikawa mimi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Nzioka, mkuu wa josho, mwembamba na mwenye maneno makali. Aliniambia jambo ambalo nililibeba kazini maisha yangu yote. "Dawa huchoka," alisema. "Kila ng'ombe akitoka, ametoka na dawa kwenye manyoya yake, na ametuachia mavi na matope. Usipoongeza dawa katikati ya kazi, wale wa nyuma unawaosha kwa uchafu tu."

Sasa sikilizeni foleni ilivyokuwa. Kwanza ng'ombe wa gredi wa Bwana Meneja, wale wa maziwa. Pili ng'ombe wa nyama wa ranchi. Mwisho kabisa, jua likiwa limeshapanda, ng'ombe wetu sisi wafanyakazi. Kufikia hapo mtaro ulikuwa umeshakuwa uji wa matope, na dawa ya kuongeza haikutolewa kwa ajili yetu.

Siku moja Bwana Meneja alikuja na wageni wake. Alimshika sikio ng'ombe wa Nzioka, akalikunjua, akawaonyesha kupe waliojipanga ndani. "Tazama," alisema kwa Kiswahili, makusudi ili tusikie. "Mkamba na kupe ni ndugu. Hata ukimjengea josho, atabaki na kupe wake."

Nzioka akajibu, "Ndiyo, Bwana." Walipoondoka akatema mate. "Angeoga yeye kwenye maji niliyoachiwa mimi, tungeona hiyo ngozi yake ingefananaje."

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kichungu. Mtu anakunyima dawa, kisha anakuonyesha kidole kwa kupe uliobaki nao. Nilikuwa kijana, nikajiambia kwamba maradhi hayo yatapanda meli siku moja pamoja na Bwana Meneja. Yeye kweli aliondoka, na ranchi ikauzwa.

Baada ya Uhuru niliajiriwa na idara ya mifugo, nikapelekwa mafunzo mafupi, nikatoka msaidizi wa mifugo mwenye kaptura ya kaki na baiskeli ya serikali. Kituo cha kwanza kilikuwa nyumbani, Migwani. Huko ugomvi ulikuwa wa nani kachelewa na nani kamwaga ndoo, mambo ya kawaida ya watu wanaojuana. Afisa wa Mifugo wa Wilaya alinipenda kwa sababu sikulewa kazini. Miaka ya sabini ikiwa katikati, akanihamishia Zombe. "Utapata kamati yenye nguvu kule," aliniambia. Sikujua ananionya.

Josho la Zombe lilikuwa la wananchi wenyewe. Walichanga, wakabeba mawe, akina mama wakachota mchanga. Serikali ilileta dawa na mimi, na ufunguo wa stoo ukawa wa kamati. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kilonzo, mtu wa kanisa, mkulima hodari, mcheshi ukikaa naye kwenye chai. Nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma ninapomtaja.

Asubuhi ya kuogesha mara ya kwanza niliona kundi moja la ng'ombe limesimamishwa mbali, chini ya jua, hata kivuli cha ua wa josho limenyimwa. Nikauliza ni la nani.

"La Adan," akasema Kilonzo. "Waria yule mwenye bucha. Hao ni wa mwisho."

"Kwani amechelewa?"

"Amefika kabla yako, Dakitari. Lakini ng'ombe wa Waria wana kupe wengi mno. Wakiingia kwanza watatuchafulia dawa."

Aka! Bwana Meneja alikuwa amenirudia, safari hii akizungumza Kikamba.

Adan, waliyemwita Waria kwa kejeli, alikuwa Msomali aliyezaliwa palepale Zombe. Babake alipita na ng'ombe wa biashara zamani za Waingereza, akapapenda, akajenga. Adan alijua Kikamba cha mizaha na matusi kunishinda mimi, na watoto wake walisoma shule moja na watoto wa Kilonzo. Kanisa lilipoezekwa mabati alitoa fahali, ingawa yeye mwenyewe alisali kwingine. Na alikuwa na ngamia. Watu walizomea ngamia hao mwanzoni, watoto wakiwaita mbuzi wa shetani, mpaka mwaka mmoja wa ukame visima vya mchangani vilipokauka na punda wakafa njiani. Ngamia wa Adan ndio waliokwenda mbali kuleta maji. Mkewe, Mama Halima, aligawa maziwa yao kwa nyumba zenye watoto wachanga, akawaonyesha kina mama namna ya kuyahifadhi yasiharibike upesi. Watu wazima wa Zombe leo, wengine wenye vyeo, walinyonyeshwa na ngamia wale. Hawapendi kuambiwa, lakini mimi nawaambia.

Nilimfuata Adan ukingoni mwa josho nikamwambia nitalipeleka jambo hilo kwenye kamati. Alitabasamu. "Wacha, Dakitari. Tunaoga mwisho, lakini si tunaoga? Ukipiga kelele watasema Adan analeta siasa, halafu hatutaoga kabisa."

Nilikwenda hata hivyo. Niliwaeleza wanakamati namna dawa inavyochoka. Niliwaambia kupe asiyekufa kwa dawa dhaifu huizoea, na watoto wake wataidharau hata ile kali. Nikaomba mambo mawili: makundi yapokezane nafasi, na dawa iongezwe kabla ya kundi la mwisho, awe nani aliye mwisho.

"Dawa ni jasho letu," akasema mweka ufunguo.

"Adan pia analipa, sawa na wewe."

"Lakini mawe hakubeba!"

"Mbuzi wako alibeba mawe? Na anaoga wa tano!" Nilikuwa nimepandwa na hasira, nakiri. Wakacheka, hata Kilonzo akacheka. Kisha akaniambia polepole, kama mtu anayemtuliza mtoto: "Mutua, mimi pia nilifanya kazi kwa wazungu. Ng'ombe wangu waliogeshwa mwisho miaka mingi. Foleni lazima iwe na mkia. Sasa ni zamu ya wengine."

Nilidhani mtu aliyesimama mwisho atakuwa wa kwanza kuelewa. Kilonzo alikuwa ameelewa vizuri kabisa, ila alichojifunza ni jinsi ya kumweka mwingine pale.

Nilipanda baiskeli mpaka Kitui mjini kumwona Afisa wa Mifugo wa Wilaya. Nilibeba chupa mbili za maji ya josho, moja ya asubuhi na moja ya mwisho wa kazi, akazipima. Alikubali kila neno langu. Alikuwa msomi na mtu mzuri. "Ya mwisho haiui hata inzi," alisema. Halafu akafuta miwani yake. "Lakini ile ni kamati ya wananchi, Mutua. Nikiwaingilia kwa ajili ya Msomali, mbunge atakuwa hapa kesho. Fundisha tu. Watabadilika." Nikarudi Zombe na chupa tupu.

Ikaja mvua nyingi, ya aina inayowafanya watu waimbe. Nyasi zikapanda mpaka magotini, na kupe wakapanda nazo. Ndani ya muda mfupi tukapata ndigana. Ni homa inayoletwa na kupe wa masikio. Matezi chini ya sikio yanavimba, ng'ombe anakataa malisho, mapafu yanajaa maji, na mwishoni anatokwa povu puani. Dawa ya kuitibu hatukuwa nayo. Ng'ombe wa Adan walikufa kwanza, kundi karibu lote. Nilikuta Mama Halima ameketi chini, kichwa cha ndama mapajani, akimfuta povu kwa leso yake. Hakuniangalia.

Wakafuata ng'ombe wa Kilonzo. Wakafuata ng'ombe wengi wa kila boma, hata wale waliooga wa kwanza kwenye dawa mpya. Malisho yalikuwa mamoja. Kupe walionusurika kwenye maji machafu ya mwisho walikuwa wameshuka nyasini, wakapanda mgongo wowote uliopita. Hawakuuliza ukoo.

Chifu akaitisha baraza. Kilonzo alisimama, amekonda kwa majonzi, maana ng'ombe wake wa mahari ya mwanawe walikuwa wamekwisha. "Tuliwaambia," alisema. "Watu hawa na kupe ni ndugu. Tuliwajengea josho na bado wametuletea kifo."

Ngai! Maneno yaleyale, karibu neno kwa neno. Nikasimama nikasema kila kitu: foleni, ufunguo, chupa mbili. Nikawaambia ugonjwa tumeufuga sisi wenyewe, kila wiki, kwa mikono yetu, na Adan ndiye wa kwanza kuumia. Nikawakumbusha mwaka wa maji ya ngamia, nikataja majina ya watoto waliopona.

"Keti!" mtu akapaza sauti. "Huyo amelishwa nyama ya ngamia! Waria na arudi kwao!"

Adan akaomba kusema. Alisema kwa Kikamba, kile cha wazee, akiita kila mzee kwa jina la heshima alilomwita tangu utoto. "Mimi sina pengine," alisema. "Mkinifukuza hapa hamnirudishi kwetu, maana kwetu ndipo hapa. Nimefiwa na ng'ombe kama ninyi. Niacheni nilie na ninyi." Sijawahi kusikia ombi dogo kama hilo likikataliwa. Chifu alitazama viatu vyake. Mchungaji, ambaye mtoto wake alinyweshwa maziwa ya ngamia, alitazama mbali. Siku ya soko iliyofuata vijana walivunja bucha na kuchoma ua wa boma mchana, watu wakiangalia.

Aliondoka na ngamia waliobaki, mkewe na watoto, kuelekea mashariki walikokuwa na jamaa wasiowajua. Niliwasindikiza hadi nje ya soko. Alinionyesha rundo la mawe kando ya njia. "Hapa amelala mama," alisema. "Niangalizie, fisi wasimfukue." Nikamwahidi. Sikumwona tena.

Je, josho la Zombe lilipata nafuu? Wapi! Juma lililofuata mkia wa foleni ulipata mtu mwingine, familia moja iliyohamia kutoka upande wa Tharaka. Nilipiga kelele, nikaandikiwa barua ya onyo, nikahamishwa. Nilimaliza kazi Kambu, kwenye barabara kuu, miaka ya tisini, serikali ilipoacha kuleta dawa na majosho yakakauka moja baada ya jingine. Nilistaafu mbele ya mtaro uliojaa majani makavu na chupa. Wakubwa walinipa cheti na soda.

Mnaniuliza ninyi vijana kazi ilinifunza nini. Kupe nilimjua na nilijua dawa ya kumwangamiza. Ile nyingine, ya mtu kumwekea mwenzake uchafu kisha kumwita mchafu, niliikuta kwa mzungu, nikaikuta kwetu, na sikuiona ikipungua. Ningependa kuwadanganya, lakini umri wa kusema uongo umenipita. Zombe ilipoteza maji, maziwa, bucha nzuri na jirani mcheshi, ikabaki na kupe.

Nilihamia Zombe nilipostaafu, wanangu wakishangaa. Nina shamba dogo karibu na njia, na kila baada ya mvua nakata matawi ya miiba kuzungushia yale mawe. Juzi wajukuu walikuja kunisaidia.

"Umau," mkubwa wao akauliza, "hili ni kaburi la nani?"

"La mama yake Adan. Walikuwa Wasomali."

"Wasomali? Kwani hao walikuwa wametoka wapi?"

"Hapa Zombe," nikamwambia.

Wakaangaliana, wakacheka.