Mzizi Uliochimbwa na Maua Yake

Aliyebanwa na kifua kwenye mteremko ule wa Meru hakukosa kufika uani kwa Hanna. Nyuma ya jiko lake, migomba ilipoishia, ulisimama mmea uliompita kimo, wenye maua ya njano. Mama yake aliupanda, akamwachia pamoja na sharti lake: mzizi, unaochemshwa chai ya kifua, hauchimbwi maua yakiwa juu. Ngoja shina likauke, nguvu zirudi chini.

Kaka yake, Aminieli, alikaa ng'ambo ya mpaka. Walinuniana tangu alipong'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, na kuyapanda upya ndani ya kihamba, shamba la nyumbani la dada yake. Wazee wa usharika walisuluhisha hadi wakachoka.

Maua yalikuwa ndiyo kwanza yamechanua wifi yake, Anande, alipokuja na jani la isale lililofungwa fundo. Aletaye isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi.

"Hospitali wamesema tukae tu na kaka yako nyumbani," Anande alisema. "Anataka ile chai ya mama."

Hanna alilipokea jani. "Mwambie nimesamehe. Kuhusu mzizi, asubiri maua yakauke."

"Wifi, kitakachotangulia kukauka si maua."

Anande alipoondoka, Hanna alibaki ameushika ule mmea shinani. Sharti lilikuwa la kweli. Ila alijua moyoni kwamba leo alikuwa amejificha nyuma yake. Akaenda kuchukua jembe.

Alimkuta Aminieli ameegemezwa mito, mwili umekwisha, macho ni yale yale. Kaka alinusa kikombe cha chai kabla ya kuonja.

"Umechimba na maua."

"Nimechimba."

"Mama angekuchapa."

"Angeanza na wewe, mng'oa masale."

Alicheka hadi kikohozi kikamkatiza. Akanywa, akasema chai haina ukali kama ya mama, kisha akaomba kikombe kingine.

Walimzika kihambani kwake kahawa ikiwa bado mbichi. Kichwa cha mzizi, chenye chipukizi, Hanna alikuwa amekiweka kwenye udongo wenye unyevu. Baada ya matanga alikipanda katika ule ukanda waliougombania, upande wa Anande. Masale hakuyarudisha.

Siku hizi mwenye kifua akibisha kwa Hanna, humwonyesha njia kwa mkono.

"Pita kwa wifi yangu. Ukikuta maua, mwombe uji, usubiri."