Kabichi ya Bwana Mkubwa

Juzi, nikipita jikoni mwa misheni hapa Ifakara, nilisikia harufu ya kabichi iliyochachuka, nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mtoto, baba alifungwa bomani Mahenge baada ya vita na Wadachi, nami na mama tukapanda milima kutoka Lupiro kwenda kumwombea msamaha. Bwana mkubwa Mdachi alikuwa akila barazani. Akaagiza tuketi, tukawekewa kabichi hiyo na mkate mweusi, kila mtu na sahani yake. Ilinuka kama pombe iliyoharibika. Nikataka kutema.

“Meza, mwanangu,” mama alininong’oneza. “Mtu akishakula na wewe, hawezi kukuulia mtu wako.”

Askari aliyesimama mlangoni akamwona mama anaugeuzageuza uma, akacheka. “We mama, huo ni uma, si kitana!”

Mama naye akacheka, akala mpaka sahani ikatakata. Bwana mkubwa akatabasamu. Nikajua tunarudi na baba. Leo najua kwamba kwa yule Mdachi kilikuwa chakula cha mchana tu.

Tulingoja langoni mpaka jioni. Askari yule akaja peke yake na shuka ya baba, imekunjwa. Mama akakaa chini. Mimi nilimshukuru askari, nikaishika vizuri ili baba akitoka ajifunge.