Kamera ya Kulinda Pojo

Katika kundi letu la mtandaoni la wapenzi wa vifaa hapa Voi, hakuna mtu aliyewahi kununua kitu kibaya. Nimo kundini tangu lilipoanzishwa, na sijasoma hata siku moja mwanachama akikiri kwamba simu aliyonunua ni mbovu. Simu huwa nzuri mpaka siku anapoiuza, na siku hiyo huwa nzuri zaidi.

Mmoja wetu alinunua ile simu inayokunjwa katikati kama daftari. Vumbi la Voi likaingia kwenye bawaba katika juma la kwanza. Sasa huifungua ndani ya nyumba tu, madirisha yakiwa yamefungwa, na bado anatushauri tununue. Mwingine ni mlinzi wa ghala. Saa yake ya mkononi hupima usingizi, na asubuhi moja ilimpongeza kwa kulala vizuri usiku ambao alikuwa lindoni. Alituwekea picha ya pongezi hizo kwa fahari, kisha akaifuta upesi, nadhani alipokumbuka kwamba msimamizi wake pia yumo kundini.

Sisemi haya kama mtu anayechukia vifaa. Navipenda. Sikusomea umeme darasani. Nilijifunza kwa kusoma vijitabu vya maelezo ambavyo watu wengine huviacha ndani ya boksi. Mke wangu huwaambia wageni kwamba yeye ameolewa na mtu pekee katika kaunti hii aliyesoma kitabu cha pasi mpaka mwisho. Ni kweli, na pasi yetu bado inafanya kazi.

Mwenyekiti wa kundi ni binamu yangu, ambaye ana duka la simu mtaani Kaloleni, hapa hapa Voi. Kazi yake hasa si kuuza. Kazi yake ni kufungua boksi mbele ya kamera. Hukata utepe polepole, huinua kifuniko, hunusa, hutikisa kichwa, halafu husema, "Jamani." Akishasema "jamani" uhakiki umekwisha. Kitu chenyewe akikiwasha ni bahati.

Mwaka huu alifungua boksi la kamera ya sola ya kulinda shamba. Inawekwa juu ya mlingoti, ina laini yake ya simu, na ndani yake, alisema, mna akili bandia inayotofautisha mtu, gari na mnyama. Ikiona mnyama inawasha taa kali na kupiga mlio wa nyuki kwa kipaza sauti, kwa sababu ndovu huogopa nyuki. Papo hapo hutuma picha kwa mwenye kamera. Alisema "jamani" mara mbili. Kilichobaki ni shamba la kuijaribia, na shamba alilochagua lilikuwa la dada yangu.

Dada yangu, ambaye ni mdogo wangu, hulima pojo chini ya mlima Kasigau. Msimu uliotangulia ndovu walizila zote zikiwa bado na maganda mabichi. Mbegu alizopanda msimu huu zilikuwa za mwisho alizokuwa nazo. Zikiliwa na hizi, hakuwa na za kupanda tena. Hilo sote tulilijua, binamu akiwemo.

Kule kwao mashamba hulindwa kwa zamu. Jua likishaingia nyuma ya mlima, kila nyumba iliyo zamuni hutoa mtu mmoja kwenda kukaa juu ya dungu, akiwa na tochi na debe la kupiga. Ndovu wakisikika, dungu la kwanza hupiga debe, la pili hujibu, na watu hukimbilia shamba lililovamiwa bila kuuliza ni la nani. Sharti ni moja tu: ukiacha kuwalindia wenzako, hawaji kwako. Hakuna anayelichukulia sharti hilo kuwa uchoyo. Kuna nyumba nyingi, ndovu wengi na watu wachache wa kukesha.

Dada alikuwa na goti linalomsumbua, na kupanda dungu kulishakuwa adhabu. Kwa hiyo binamu alipofika na mlingoti wake, hakuhitaji maneno mengi.

"Hiyo zamu iache, dada," alimwambia. "Utalala kitandani kama mtu wa ofisi."

"Na kaka anasemaje?" dada aliuliza, akinitazama mimi.

Nilikuwa nimeketi juu ya boksi nikisoma kitabu. Nikamwambia kwamba kamera hutuma habari kwa nambari moja tu, ile iliyoandikishwa, na kwamba nambari iliyoandikishwa ilikuwa ya binamu. Yeye angekuwa Kaloleni. Dada angekuwa hapa, na simu yake ya vitufe, ambayo jikoni kwake haishiki mtandao.

"Nitampigia," alisema binamu. "Kwani mimi nitakuwa nimeenda wapi? Wewe kaka yangu unasoma vitabu mpaka unaanza kuogopa vitu."

Jirani wa dada, mama mtu mzima ambaye ndiye hupanga zamu, alikuwa amekuja kutazama. Aliuzunguka mlingoti mara moja, mikono mgongoni.

"Hii, ndovu akija, inamfukuza?"

"Inampigia nyuki, mama. Na inaniambia."

"Inakuambia wewe?"

"Mimi, ndiyo."

"Na wewe uko wapi?"

"Kaloleni."

"Haya," akasema mama. "Basi ndovu akija, Kaloleni mtakuwa mmejua."

Binamu alicheka na kuendelea kupiga video. Jioni hiyo dada hakwenda dunguni, na jina lake likatolewa kwenye zamu.

Siku za mwanzo kamera iliwapigia nyuki mbuzi. Iliwapigia nyuki kanga. Ilimpigia nyuki punda aliyebeba mitungi ya maji, na maji yakamwagika yote. Mzee wa kanisa alipita na pikipiki yake, akapigiwa nyuki, akaingia kwenye miiba. Alipotoka alitamka maneno ambayo dada alikataa kunirudia. Binamu akapokea malalamiko, na kwa kuwa ni mtu wa kusikiliza wateja, alirekebisha mipangilio akiwa dukani kwake: nyuki walie kwa mnyama tu, magari na pikipiki yapite kwa amani, yeye atumiwe picha tu. Akatutangazia kundini kwamba sasa kifaa kimekomaa.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na sidhani kama lingeweza kufanyika kwingine. Mashine hiyo ilifundishwa na watu wa mbali, kwa picha za ndovu wa kijivu. Ndovu wetu ni wekundu. Hujimwagia udongo wa huku mgongoni mpaka wanafanana na kila kitu kingine kilichopita njia ya Maungu kuja Kasigau: lori, basi, tingatinga, vyote hufika na rangi hiyo hiyo. Mimi nilipita kurasa zote za kitabu na sikuona mahali palipoandikwa kwamba ndovu anaweza kuwa mwekundu. Binamu, aliyezaliwa akiwaona, hakukumbuka kuuliza.

Tulikuwa mezani, jua ndiyo kwanza limezama, simu yangu ilipoanza kutetemeka mfululizo. Mwenyekiti alikuwa ameweka picha kundini. Shamba la dada, majani ya pojo yakionekana jani moja moja, na katikati yake umbo kubwa jekundu ndani ya mraba wa kijani. Juu ya mraba palikuwa na neno "Gari".

"Angalieni rangi," aliandika mwenyekiti. "Jua limeshazama na bado unaona mpaka mishipa ya majani. Jamani."

"Lenzi hiyo si mchezo," akajibu mwenye simu ya kukunjwa.

"Hiyo ni gari gani sasa?"

"Lori. Limekwama."

"Mbona lina mkia?"

Wakacheka. Mmoja alieleza kwamba ni kamba ya kufungia mzigo. Mwingine, ambaye hujibu kila jambo kwa uzito, aliandika kwamba kosa dogo la utambuzi si hoja, litarekebishwa kwenye toleo lijalo, na tusipende kukatisha tamaa teknolojia. Ikaja picha ya pili. Magari yalikuwa matatu, moja dogo.

"Msongamano!" akaandika yule mlinzi wa ghala. "Trafiki wako wapi?"

Makofi yakamiminika, na vidole gumba, na vile vimoto vidogo ambavyo watu huviweka chini ya kitu wanachokipenda. Niliandika, "Kuna aliyempigia mwenye shamba?" Ujumbe wangu ukapata kidole gumba kimoja. Mwenyekiti akajibu, "Dakika moja kaka, nangoja video imalize kupanda. Hii ni dhahabu."

Nikampigia dada. Hapatikani. Nikampigia tena huku nimesimama, mke wangu akiniuliza kuna nini, nami nikimwonyesha picha kwa kidole. Yeye, ambaye hajawahi kufungua boksi lolote mbele ya kamera, aliitazama mara moja akasema, "Ndovu hao. Kwani hamwoni?"

Nambari ya mama mpanga zamu ninayo, kwa sababu ndiye hunipigia dada akiugua. Alipokea haraka.

"Mama, ndovu wako kwa dada."

"Ndovu? Na kile chombo mbona hakijalia?"

"Kinasema ni magari."

Nilijua mama anachokipima. Dada alikuwa nje ya zamu, na wenzake hawakuwa na deni lolote kwake. Wangekaa madunguni mwao, kila mtu akilinda chake, na hakuna mdomo ambao ungewalaumu.

"Magari," akasema mama, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. Kisha akapaza sauti, si kwangu, na simu ikiwa bado sikioni nikasikia debe la kwanza, na mbali zaidi la pili likijibu, halafu simu ikakatika.

Asubuhi nilikwenda Kasigau pamoja na binamu. Njia nzima alizungumza juu ya mwanga. Tulipofika, nusu ya shamba, upande wa mlimani, ilikuwa imelazwa kama iliyopitiwa na tingatinga la kusawazisha barabara, na nyayo zilikuwa pana kama makarai. Nusu nyingine ilisimama, na maganda yake yalikuwa bado hayajakauka. Katikati ya mstari kati ya nusu hizo mbili ulikuwepo mlingoti, mzima kabisa. Ndovu walikuwa wameuzunguka kwa heshima.

Dada hakulia na hakugomba. Aliuliza jambo moja tu, na hakutuuliza sisi. Alimuuliza mama mpanga zamu kama anaweza kurudi kundini, yaani kundi la madungu, kwa sababu ndovu wakishaonja hurudi, na nusu iliyobaki ilihitaji siku kadhaa kabla ya kung'olewa.

"Anayetoka akirudi hukaa dunguni kila usiku mfululizo," mama alimjibu. "Hilo unalijua wewe mwenyewe. Mpaka mavuno."

"Najua, mama."

"Na goti hilo utalipandisha vipi?"

Mimi nilifungua kinywa kusema jambo kuhusu likizo yangu, lakini mama alikuwa tayari amemgeukia binamu na anamkagua kuanzia viatu kwenda juu.

"Huyu ana magoti mazuri."

"Mimi?" binamu alisema. "Mama, mimi nina duka."

"Duka lina mlango?"

"Lina mlango."

"Lina kufuli?"

"Lina kufuli."

"Basi halitaliwa."

Watu waliokuwa wamekusanyika walicheka kicheko ambacho hakikuwa na makofi wala vimoto, na binamu hakupata pa kukifuta. Alikaa dunguni kila jioni mpaka mavuno. Kundini Voi palikuwa na utulivu wa ajabu. Tulizoea kupata kutoka kwake aya ndefu juu ya vioo na betri. Sasa tulipata sentensi moja asubuhi, siku nyingine hata hiyo hakuna. Iliyonikaa zaidi ilisema, "Ndovu ni wakubwa." Yule mwanachama wa kujibu kwa uzito alimuuliza wakubwa kwa kipimo gani.

Ndovu walirudi, mara mbili. Dada aliniambia kwamba mara ya kwanza binamu alipiga debe akiwa amefumba macho, na mara ya pili akiwa amefumbua. Hawakuingia.

Pojo ziling'olewa zikaanikwa juu ya turubai, na siku ya kupura nilikuwepo. Binamu alikuja amenyoa, na simu yake mkononi. Alitaka dada aseme maneno machache kuhusu kamera, ya kumalizia uhakiki, kwa sababu wateja walikuwa wanangoja.

"Sema ina picha nzuri," dada alimwambia bila kuacha kupiga maganda kwa fimbo.

"Na ulinzi je?"

"Ulinzi muulize mama."

Mama alikuwa upande wa pili wa turubai, naye akipiga. Binamu alimwelekezea simu akangoja. Mama alimtazama, akamtupia fimbo ya tatu, na baada ya kutafuta mahali pa kuiweka simu, binamu aliitia mfukoni na kuinama. Mavuno yalikuwa magunia machache, pungufu ya nusu ya yale aliyotarajia dada. Dada alipepeta, akachambua punje nono moja moja, na akatenga mbegu kwanza, kabla hata ya kutia kikombe kimoja chunguni.