Kofia ya Kilimambogo

Mimi ni mtu wa kupenda mawingu. Wengine hupenda mpira, wengine nyimbo. Mimi hata nikiwa na jembe mkononi nitasimama niangalie wingu likipanda mpaka nyapara anipigie kelele. Lakini katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Kiandutu mjini Thika, wingu lilikuwa na kazi nyingine, kazi ya aibu, na nikiikumbuka mate hunijaa mdomoni, na si ya njaa.

Vyoo vyetu vilimwaga kwa shimo moja la saruji chini ya ardhi. Shimo likijaa, mwenye ploti alipaswa kuita lori la kunyonya. Hakuita. Keateka wake, yaani mwangalizi wa ploti, mzee mchekeshaji wa kuvaa gambuti jua na mvua, alingoja mvua kubwa, akaenda nyuma ya vyoo na mtaimbo, akang'oa kifuniko cha bomba. Uchafu wa watu wote uliingia mtaro wa wazi unaopita mbele ya milango yetu, mvua ikausukuma hadi mtoni. Ikikatika, tulifungua milango na kusalimiana kama hakuna kilichopita. Wala si ploti yetu peke yake. Mvua ya Thika hubeba siri za landilodi wengi, na huko chini kuna watu wanaochota maji. Sikupenda kuwafikiria, lakini niliwafikiria.

Halafu msimu mmoja radi ikapasua mti wa mgrevilea nyuma ya vyoo, na mzee alikuwa pale pale na chuma chake mkononi. Hakuumia, ila tangu siku hiyo hakugusa mtaimbo ngurumo ikianza. Akabadilisha mpango: atafungua mapema. Kilimambogo, ule mlima unaosimama peke yake ng'ambo ya mashamba ya nanasi, ukivaa wingu mchana, yeye anafungua, ili mvua ifike ikute kazi tayari. Katikati ya masika mpango huo ulifaulu kila mara. Hapo ndipo alipoanza kujiamini.

Mimi nilikuwa kibarua wa kupalilia nanasi upande wa mlima huo, kwa hivyo wingu lake nililijua kutoka chini. Shuleni sikufika mbali. Nakumbuka mwalimu akichora mlima ubaoni, na mshale wa hewa ukipanda, na mvua ikishuka upande huo huo. Kile hakuchora ni udongo. Mvua ikiwa imenyesha jana, leo udongo kati ya mistari ya nanasi unashika viatu, na jua likichomoza unasikia joto la mvuke likipanda ndani ya suruali mpaka unaona haya. Mlima nao unapashwa na jua, unaivuta hewa ya bondeni ipande kwake, na hewa hiyo inapanda imebeba ule mvuke. Kufika adhuhuri wingu limekaa chini, zito, limemeza kichwa cha mlima, na ngurumo haziko mbali. Lakini udongo ukiwa vumbi, hewa hupanda vilevile, hata kwa haraka zaidi, ila ni kama mtu anayepanda kilima na mtungi mtupu. Huko juu hutokea kiwingu cheupe, kinaning'inia, kinakauka.

Basi mwaka huo, kiangazi kikiwa bado hakijatuacha, dada yangu alijifungua. Tuliishi wawili chumba kimoja, pazia katikati, na chumba chetu kilikuwa cha mwisho, pale mtaro unapopinda na kila kinachoelea husimama kutafakari. Mama alikuwa anakuja kutoka Vihiga kumwona mjukuu. Alilala kwa mama mdogo, huko Kiuu ya Ruiru, na Jumamosi angefika kwetu. Usiku wa Alhamisi alikuwa amenipigia simu.

"Nimesikia vile mnaishi huko. Nikikuta mwana analala kwa uvundo, nabeba yeye na mamake. Umesikia, khocha?"

Khocha ni mjomba kwa watu wa kwetu. Alikuwa ameanza kuniita hivyo tangu mtoto azaliwe, na mimi nilikuwa nimevimba kichwa. Dada hakutaka kwenda. Kazi yake ya kushona kwenye kiwanda ilikuwa inamngoja. Mimi nilikuwa nimezoea mtoto alale kifuani pangu, kazito kama mkate wa moto. Sikutaka waende.

Ijumaa nilisugua mtaro kwa fagio ya chelewa. Jumamosi nikatoka shambani mapema, nimejaa vumbi mpaka kope. Kufika langoni namkuta keateka, kiganja juu ya macho, anatazama mlima, mtaimbo begani.

"Mzee, leo usifungue. Mvua haiji."

"Haiya! Siku hizi wewe ndiye redio?"

"Nimetoka huko saa hii. Ardhi ni kavu, inapasuka. Hilo wingu halina kitu."

"Kijana, mimi niko Thika kabla mama yako hajui kubeba mtoto mgongoni. Kilimambogo ikivaa kofia, Thika inalowa."

"Lakini ona, kofia imekaa juu. Kichwa chote kinaonekana chini yake."

"Kofia ni kofia."

"Mzee, mama anakuja leo. Tafadhali."

"Si atakuta kumeoshwa na Mungu? Na hilo shimo limejaa mpaka juu, unataka nilikalie?"

Akaenda. Nilisikia chuma kikigonga chuma, kisha mlio ule, kama ng'ombe anayetapika.

Sitaandika yote. Kulikuja maji ya kijivu kwanza, halafu yale mazito, yakitembea polepole kama uji uliochoka, yamebeba makaratasi, nywele, maganda ya ndizi, nepi iliyofura. Yalifika kwetu, pale mtaro unapopinda, yakasimama. Jua likayapika. Povu likatoka, mapovu yakapasuka moja moja, na kila lilipopasuka harufu mpya ikatoka, kali kuliko ya kwanza. Nzi walikuja hata sijui walialikwa na nani. Nikatazama Kilimambogo. Kofia ilikuwa imenyooka ikawa uzi. Mara uzi nao haupo. Anga ya buluu, safi kabisa. Nilitamani kuitemea mate.

Dada alifunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa leso. Ndani kulikuwa tanuri. Mtoto akaanza kulia.

Na mama akafika, kuku kwapani, mama mdogo nyuma yake na mkungu wa ndizi. Alisimama ng'ambo ya mtaro. Hakutusalimia.

"Hata zizi letu lina heshima kuliko hapa."

"Mama, ni leo tu," dada akasema mlangoni. "Siku zingine hakuko hivi."

"Mtoto anapumua leo."

Akavuka kwa mstari wa mawe niliyoweka mtaroni, akamchukua mtoto, akamfunika uso na mtandio. Kisha akanigeukia. "Na wewe khocha, umesimama tu?"

Niliwabebea mabegi hadi stendi. Walikwenda Kiuu wakae hapo kwanza, mpaka dada apate nguvu za safari ya Vihiga. Kuku pia alirudi.

Uchafu ule ulikauka pale pale, ukaota ngozi. Nililala nao mlangoni. Wapangaji walimtukana keateka hadi akaacha kupita upande wetu.

Wiki zikapita, bomba limefunikwa, shimo likajaa tena. Siku chache kabla ya safari yao ya Vihiga, upepo wa maji ulitoka upande wa pwani, ukamwaga mvua mlimani na mashambani usiku kucha, Thika ikapata manyunyu tu. Kesho yake shambani udongo ulishika viatu. Mvuke ukanipanda suruali. Saa saba narudi nyumbani, Kilimambogo haina kichwa, haina mabega. Wingu limeikalia, chini jeusi, juu linafura kama unga wenye chachu. Lilikuwa zuri. Nakubali lilikuwa zuri sana.

Keateka alinijia polepole, mtaimbo mkononi.

"Bwana Redio. Leo sitaki kubishana na wewe. Hiyo ni ya ukweli, ama?"

Nilitazama mlima. Nikatazama mtaro wetu, na bomba lake, na njia yote ya kuelekea mtoni, kwa wale wanaochota maji.

"Ni kofia tu, mzee. Kalale."

Akalala kweli. Ngurumo ya kwanza ilimtoa kitandani na soksi. Alikimbia na mtaimbo hadi paa linapoishia, akauangalia, akaangalia kile kisiki cha mgrevilea, radi ikapiga, akautupa mtaimbo kwa matope.

"Mwongo wewe! Ngai, mwongo mkubwa!"

Sikumsikia vizuri, mabati yalikuwa yanapiga kelele. Nilikuwa nje na fagio ya chelewa, nimelowa chapa chapa, nakwangua ile ngozi, na maji ya mvua, maji tu, yakiiondoa.

Shimo lilifurika kwa upande wa vyoo. Hilo nalo lilichukiza, nisidanganye: kinyesi kilipanda kwenye sakafu, tukawa wageni wa vyoo vya majirani. Lakini kesho yake wapangaji walimpigia mwenye ploti simu, akaja mwenyewe, leso puani, akakikanyaga. Alitazama kiatu chake kwa muda mrefu. Jioni lori la kunyonya lilikuwa langoni, linanguruma, na sisi tumesimama tunalishangilia kama gari la maharusi.

Nikampigia mama. Akasema atakuja kunusa mwenyewe.

Alikuja, mtoto mgongoni, dada nyuma. Hakuingia. Alisimama langoni akavuta pumzi, macho amefumba.

"Umemwaga dawa kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo! Inanitoa machozi." Akafungua leso, akaniwekea mtoto mikononi. "Shika, khocha. Nikisikia harufu nyingine, hata ya jirani, namchukua."

Nyuma yake Kilimambogo ilikuwa imevaa kofia tena, chini sana. Nilimziba mtoto pua kwa kiganja, kwa mazoea tu, akakasirika akaninyonya kidole.