Sauti ya Gwantwa na Kitenge Chekundu

Bushra mke wa Aziz alimwibia Gwantwa sauti. Hakuvunja kufuli wala hakubeba mzigo wa mtu. Alichukua maneno ambayo Gwantwa aliyasema kwa kinywa chake juu ya vitenge vizuri, akayabandika kwenye vitenge vibovu, akauza. Wanaosema huo si wizi ni wale ambao neno lao halijawahi kuaminiwa na mtu.

Gwantwa alizaliwa Ibaba, milimani Ileje, katika nyumba iliyosomesha wavulana. Yeye alisomeshwa jembe. Alifika Tunduma na mume, na yule mume siku moja akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kusahau njia ya kurudi. Gwantwa akabaki na watoto wawili, akawa anafulia watu nguo. Kwenye beseni ndiko alikovijua vitenge, maana hakuna anayezijua siri za kitambaa kama anayekifua. Akikishika tu kati ya vidole viwili, anakwambia kama kitakaa au kitakuaibisha.

Miaka ilivyokwenda akaanza kuuza vitenge vyake mwenyewe, akivitembeza begani. Bushra alikuwa mpangaji mwenzake uani: msichana aliyeolewa na mtu wa malori, kamaliza kidato cha nne, simu haimtoki mkononi.

"Mama Amoni, hilo bega utalitembeza mpaka lini?" Bushra alimwambia. "Watu wa Dodoma na Mwanza wanavitafuta vitenge vya mpakani. Tufungue kundi la WhatsApp. Wewe lete mzigo, mimi nitakuandikia."

"Kusoma sijui, mwanangu."

"Kuongea si unajua? Basi utaongea."

Wakaenda kwa wakala wa laini za simu. Gwantwa akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha pili, ikakataa. Wakala akamgeuza kiganja, akacheka.

"Mama, hizi alama za vidole umezipeleka wapi?"

"Ziulize nguo za watu," Gwantwa alijibu, na wote watatu wakacheka.

Wakala akasema vidole bado vipo, wajaribu vyote kumi. "Jua lote hili?" Bushra akasema. "Weka changu, yaishe." Laini ikasajiliwa kwa jina la Bushra na kidole cha Bushra. Gwantwa akashukuru. Hilo ndilo linalomuuma kuliko yote: alishukuru, na jioni akampelekea bakuli la maharage.

Biashara ilishika. Kila jora jipya likifika, Gwantwa alikata kona, akaifua kwa maji ya moto na sabuni, akaikandamiza mbichi juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikibaki cheupe ndipo alipoisogeza simu mdomoni: "Dada zangu, huyu ni Gwantwa wa Tunduma. Hiki nimekifua mwenyewe kwa mikono yangu, hakichuji." Kikichuja pia alisema: "Hiki kiacheni. Kinatoa damu kama kuku wa sikukuu."

Bushra alikuwa anashika kichwa. "Mama Amoni, nani anaponda mzigo wake mwenyewe?"

"Kitakapochuja utatukanwa wewe au mimi?"

Watu walinunua kwa sababu hiyo hiyo. Kwa mwaka mmoja kundi likafika watu mia tatu, vifurushi vinapanda basi kila Jumanne na Ijumaa, na Bushra anachukua fungu lake bila kukosa hata siku moja.

Mwezi wa pili mwaka huu mama yake Gwantwa akaugua kule Ibaba. Gwantwa alipofunga mzigo, Bushra akamfuata mlangoni. "Simu iache, mama. Huko kwenu mtandao mpaka upande mlima. Wateja watahangaika." Akaiacha. Alikaa milimani wiki tano, akamuuguza mama, akamzika. Aliporudi alikabidhiwa simu isiyo na laini.

"Laini ilikufa," Bushra akasema bila kumtazama. "Kundi nimelihamishia kwangu. Pumzika kwanza, una msiba."

Alipumzika, mjinga yule. Alipumzika mpaka wiki iliyofuata Jumapili ya Matawi, mwanamke mmoja alipoingia uani na mfuko mkubwa.

"Gwantwa ni yupi hapa?"

"Mimi."

Mwanamke akaumwaga mfuko chini. Zilikuwa blauzi nyeupe, zote zina mabaka mekundu. Alijitaja: Loisi, kiongozi wa kwaya ya akina mama kutoka Ihanda. Walishona sare, sketi na vilemba vya kitenge chekundu. Siku ya Matawi mvua ikawakuta njiani.

"Tuliingia kanisani kama watu waliotoka buchani," Loisi akasema. "Mchungaji alicheka, mama. Mchungaji!"

"Dada, mimi sikukuuzia."

"Usiniongopee, na sauti yako ninayo hapa." Akabonyeza simu.

*Dada zangu, huyu ni Gwantwa wa Tunduma. Hiki nimekifua mwenyewe kwa mikono yangu, hakichuji.*

Ilikuwa sauti yake. Na nyuma yake, kwa mbali, sauti ya bibi ikiuliza kwa Kindali, lugha ya kwao Ileje, anaongea na nani peke yake. Gwantwa akakaa juu ya blauzi zile zile.

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Alinitembelea mwaka jana, siku hiyo nilikuwa nasifia kitenge cha njano. Nimemzika mwezi wa tatu."

Loisi akaanza kuziokota blauzi moja moja. "Nakuamini. Lakini nikirudi Ihanda na maneno yako matupu, nani ataniamini mimi? Mwenye kosa aseme huko huko kundini."

Gwantwa alimkuta Bushra mlangoni anapaka kucha rangi.

"Sauti yangu unaiuza, Bushra?"

"Laini ni ya nani? Kaulize kwa wakala kidole ni cha nani."

"Kidole ni chako. Na mdomo?"

"Mdomo uliutuma mwenyewe. Kilichotumwa kundini ni cha kundi."

"Kundi kaa nalo. Nipe simu niseme neno moja: kitenge chekundu sikukifua."

"Ukisema hivyo nani atanunua? Nina majora tisa ndani." Akapuliza kucha.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Clement, aliwasikiliza wote wawili mbele ya Aziz, akaulizia usajili wa laini, akakohoa. Kwa karatasi, alisema, Bushra yuko sawa. Karatasi haina masikio.

Gwantwa alipaka mikono mafuta wiki nzima, akarudi kwa wakala. Vidole vinane vilikataa. Cha tisa, kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kilisoma mara moja. Kumbe siku zote kilikuwepo. Sasa ana laini yake na wateja kumi na mmoja. Wanawake wanaotaka kuanza biashara ya mtandaoni humjia kuuliza, naye hana maneno matamu. Weka kidole chako, anawaambia, hata kama ni cha mguuni. Simu usimwachie mtu hata ukienda kuzika. Na anayekusaidia akilalamika jua, mwambie akakae kivulini akusubiri.

Wale mia tatu hawajui lolote. Sokoni Gwantwa amekwisha kuitwa tapeli, na mwanamke ambaye hakumjua hata kwa sura.

Bushra amehamia nyumba yenye geti. Anadaiwa na kwaya ya Ihanda blauzi ishirini na mbili. Kwa Gwantwa anadaiwa sentensi moja, aiseme kwa kinywa chake mbele ya kundi lote: Gwantwa hakukifua kitenge hiki. Kisha aifute ile sauti yenye bibi ndani yake, asiitume tena kwa mtu. Aziz mumewe anayajua haya yote, aliambiwa mbele ya mwenyekiti, naye anadaiwa kumwambia mkewe aseme. Mpaka wiki hii hakuna aliyesema, na sauti ile bado inauza.