Chombo cha Maua Kilichopinda Shingo

Siku ya ine, tarehe tisa mwezi wa tatu. Manyunyu tangu asubuhi, ukungu juu ya malisho. Jua lilitoka kidogo tu saa sita.

Ninaandika pole pole. Masomo yangu yaliishia darasa la sita, na pia naogopa kumupendelea baba yangu. Amekufa, hawezi kujitetea. Lakini na yule Madamu, bibi ya muzungu aliyemuajiri, hayuko, naye hawezi kusema lake.

Baba alikuwa mupishi kwa muzungu mwenye shamba la ng'ombe, hapa kwetu Masisi. Siku moja, kabla sijazaliwa, alirudi nyumbani na chombo cha maua cha kioo: chini rangi ya asali, juu rangi ya moshi, na matone madogo ya hewa ndani yake. Akamwambia mama kwamba Madamu amemupa kwa sababu kimepinda. Mama hakuuliza zaidi. Majirani njo waliuliza: "Mupishi anapewa chumvi na nguo kuukuu. Nani anapewa kitu kama hicho?" Mama akakifungia ndani ya sanduku. Kila mara tulipokimbia vita, alikibeba kikiwa kimeviringwa ndani ya kitenge.

Sasa parokia inatafuta chombo kizuri cha maua ya altare kwa Pasaka. Mama anatamani sana kutoa chake. Akaniambia, "Mutoto wangu, kama baba yako alikiiba, siwezi kukisimamisha mbele ya Mungu. Tafuta nani alikitengeneza. Labda kitu chenyewe kitasema."

Njo leo nikashuka nacho Mweso kwa miguu, nimekishika kifuani, maana niliogopa pikipiki. Kuko Papa mumoja, muzee wa Butembo mwenye duka, anayenunua vitu vya nyumba za zamani za wazungu.

"Mama, umeniletea mutoto muchanga?" akacheka.

Alikipeleka mulangoni penye mwangaza, akakigeuza. Jina hakuna. Katikati ya kitako kuko mahali pa duara palipokwaruzwa. "Hapa njo chuma cha fundi kilishika, wakati kioo kilikuwa kingali moto. Kisha wakapasugua. Kilipulizwa na pumzi ya muntu, si ya mashini."

Nikapagusa na kidole.

Akanionyesha picha kwa telefone: chombo kingine alichonunua zamani, asali ile ile, moshi ule ule, na chini kimechorwa jina la kiwanda cha Ubelgiji. "Naamini ni kiwanda kimoja. Siapi."

"Sasa mbona hiki hakina jina?"

Akakisimamisha kando ya chupa ya bia. "Angalia shingo. Kilichopinda hawakukiandikia jina. Walikiuza bei ya chini, ao walimupa muntu."

Mununuzi akikuambia kitu chako kimepinda, lazima ujiulize kama anashusha bei. Lakini shingo niliiona na macho yangu. Na niandike pia kwamba nilipokataa kukiuza, hakunisumbua.

Njiani nilifikiri nimufiche mama nusu ya maneno. Nyumbani nikashindwa, nikamwambia yote. "Mama, haionyeshi kama baba hakuiba. Inaonyesha tu kwamba kimepinda, vile baba alisema."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Wewe! Ile nyumba ilijaa vitu vilivyosimama sawa, na baba yako alivipangusa kila siku. Mwizi gani anaacha vyote hivyo, anachukua chenye shingo ya kupinda?"

"Labda aliogopa wangetafuta kile kizuri."

Nilijuta kabla sijamaliza. Mama akakishika mapajani.

"Miaka yote nilimufikiria vibaya," akasema, "na hakuna hata siku moja nilimuuliza. Kama aliiba, nitamuombea. Kama hakuiba, yeye aniombee mimi."

Akaomba maji na sabuni, akakiosha mwenyewe, hakutaka nimusaidie. Kesho nitakipeleka parokia. Sijui kama ni haki. Nadhani ni haki.

Jioni tulikula bugali ya muhogo, sombe na maharagi. Mama aliomba aongezewe.