Fundi Asiyemaliza Gauni

Mtaa mzima wa Biryogo ulijua kwamba ukitaka gauni la Idi usipeleke kitambaa kwa Nyiraneza, utalivaa Idi ya mwaka mwingine. Watu walimpitia barazani, wakamsalimu vizuri kabisa, kisha wakavuka barabara na vitambaa vyao kwapani kwenda kwa fundi mwingine. Naye aliwaitikia na pini zake tatu mdomoni, anacheka kwa pua.

Zamani alikuwa mwepesi. Suruali iliingia asubuhi ikiwa kitambaa, adhuhuri ikatoka imepigwa pasi. Kilichomgeuza ni kiuno cha Mukamana.

Mukamana alikuwa mukecuru, bibi kizee wa nyumba ya tatu kutoka hapo. Mkwe wake, Umutoni, mke wa mwanawe, ndiye aliyemleta kupimwa gauni. Aliporudi baada ya mwezi kulijaribu, lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Nyiraneza akampima upya: vidole vinne vimepungua. Na juu ya kiwiko pana alama za mtu aliyeshikwa kwa nguvu. Angeuliza, "Umutoni, mbona humlishi mama?" mlango ungefungwa siku hiyohiyo na mukecuru asionekane tena. Kwa hiyo akasema tu, "Gauni halijakaa sawa. Umlete tena Alhamisi."

Alhamisi alimpa uji nyuma ya pazia, akampima, akakitangaza kiuno kwa sauti mpaka barabarani. Alhamisi nyingine vilevile. Wanawake waliokaa barazani wakaanza kumtazama Umutoni kwa jicho la pembeni. "Mbona mama anakonda hivi?" Umutoni akaona aibu, na sufuria ya nyumbani ikaanza kumkumbuka mukecuru. Alama za mkononi zikafutika, kiuno kikarudi. Sasa gauni lilikaa sawasawa, na hapo ndipo Nyiraneza alipoingiwa na hofu. Likiisha, atamwona wapi? Mukamana alipotoka tu, fundi alichukua wembe akafumua pindo lote.

Akaanza kuwapokea wazee wengine kwa hila hiyohiyo, na kufikia mwaka tisini na mbili walikuwa kumi na mmoja, na nguo kumi na moja ambazo hazikuwa na dalili ya kwisha. Koti la mzee Munyakazi lilikuwa limebadilishwa mikono mara tano. Alhamisi barazani hapakaliki kwa vicheko, huyu anataka mfuko wa siri, yule anataka gauni la kumtia wivu jirani. Tatizo lilikuwa moja. Wateja wa kawaida walikuwa wamekimbia wote, na cherehani ilikuwa ya kukodi. Mwenye cherehani alishasema mwisho wa mwezi anaichukua.

Ndipo ikasikika kwamba kuna shirika mjini linatoa fedha kwa mwenye njia mpya ya kuwakinga wazee, wasipigwe, wasifungiwe ndani, wasiachwe na njaa. Nyiraneza, asiyejua kuandika, alikwenda kwa Cassien, mwandishi wa barua pale posta. Siri hakumpa, maana mdomo wa Cassien haukuwa na kifuniko. Basi Cassien akaandika alichokielewa: mama huyu anashonea wazee nguo.

Kwa hiyo Silvère, mtu wa shirika mwenye kukata shauri, alipokuja Alhamisi na dosie lake la kijani, jalada la karatasi zake, alikuja kuhesabu nguo. Wazee wote walikuwepo, na wakwe zao pembeni.

"Mama fundi, kwa mwaka huu umemaliza nguo ngapi?"

"Hata moja, bwana."

Baraza lilipasuka kwa kicheko.

"Andika hiyo, bwana!" Umutoni akadakia. "Iko polepole huyu! Mama anapimwa tangu mwaka juzi. Sijui ni gauni, sijui ni nyumba ya ghorofa!"

"Wewe binti, nyamaza," Munyakazi akasema. "Koti langu ndiyo kwanza linabalehe."

Silvère alifunga dosie. Nyiraneza alimwona anatafuta kofia yake. Akieleza mbele za watu, Umutoni aliyeketi hatua moja tu kutoka hapo atasikia, na hakuna mkwe atakayeleta mzee tena. Asipoeleza, cherehani inakwenda.

"Bwana, koti lako linakubana kwapani."

"Halinibani."

"Linakubana sana. Pita huku nyuma nikupime."

"Weeee!" wanawake wakapiga vigelegele. Mukamana akapaza sauti, "Mwanangu, mpime haraka, usimcheleweshe kama gauni langu!"

Nyuma ya pazia Nyiraneza alimzungushia futi yake ya kupimia.

"Kifua, themanini na nane!" alitangaza. Kisha kwa mnong'ono: "Ukiuliza nyumbani kwao, wanafunga mlango. Ukisema njoo upimwe, wanawaleta wenyewe."

"Unawapima nini hasa?"

"Bega, arobaini na mbili! Napima kama wamekula. Naangalia kama wamepigwa. Yule kiuno chake kilipungua vidole vinne."

"Na nguo ikiisha?"

"Mkono, sitini! Haiishi, bwana. Naifumua."

Pazia likaanza kutikisika. Nje waliulizana kwa macho kulikoni. Ni Silvère, amejiziba mdomo kwa kofia, machozi yanamtoka kwa kicheko. Alipopata pumzi akanong'ona, "Unataka nini kwetu?"

"Cherehani isiondoke. Na unga wa uji. Na mtu asinihimize."

Silvère alitoka na uso mkavu kama wa hakimu.

"Shirika litamsaidia fundi huyu mwaka mzima," alisema. "Lakini vipimo vyake ni vya ufundi mkubwa. Kila mzee aletwe kila Alhamisi. Asiyeletwa, fundi na mimi tutamfuata kumpimia nyumbani, na majirani wawe mashahidi."

"Mpaka lini, bwana?" Umutoni akauliza.

"Mpaka fundi aridhike."

Mukamana aliruka kucheza, gauni likiwa na mkono mmoja tu. Munyakazi akajiunga naye, pini zikaanguka kila upande, na Nyiraneza alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Habari ile ya kupimiwa nyumbani ilizunguka mitaa kabla ya Ijumaa. Alhamisi iliyofuata walifika wazee ishirini na watatu. Wengine walikuwa hawajaonekana nje tangu mwaka jana, na sasa walisindikizwa na wana wao wenyewe, wanakimbizana kuwahi foleni. Ikabidi Nyiraneza aazime mabenchi kwa jirani mwenye mgahawa, na yule jirani akauliza kuna harusi ya nani.